Kengele ya Mti na Neno "Kama"

Katika Mtaa wa Biashara, Mombasa, yuko muuza leso ambaye sisi tuliokulia karibu na duka lake tunamwita Kaka, ingawa umri wake ni wa babu yetu. Kwa Kigujarati kaka ni ami, ndugu wa baba. Basi sisi tunamwita kwa maana yetu, naye anaitika kwa maana yake, na hakuna aliyedhulumiwa. Siku moja akinikunjia doti ya leso aliniuliza, "Unajua wazee wetu wa Kihindu waliitaje tamaa?" Sikujua. "Kama," akasema.

Nikacheka. Mswahili naye akishikwa na tamaa neno lake la kwanza ni hilo hilo: kama ningekuwa na gari, kama ningezaliwa Ulaya, kama yule angekuwa wangu. Kaka hakucheka. Alisema "kama" ni ngazi ya kushukia. Mtu hukitazama kitu mpaka kikamkaa moyoni. Kikimkaa, hukitaka. Akikikosa, hukasirika. Hasira humtia kiza, kiza humsahaulisha aliyoyajua jana, na hapo akili imekwisha. Mafundisho hayo yamo katika sura ya pili ya Bhagavad Gita, na Mahatma Gandhi aliyaweka katika sala za kila jioni kwenye makao yake.

Gandhi mwenyewe si wa mbali na sisi. Mwaka 1893, akiwa wakili kijana anayekwenda Afrika Kusini kutafuta riziki, meli yake ilitia nanga Lamu, akashuka kutembea. Wakati wa kurudi maji yalikuwa makali, mashua ikashindwa kutulia kwenye ngazi ya meli, akaponea chupuchupu kuachwa. Miaka kadhaa baadaye, huko huko Afrika Kusini, Gita ilimfanya aiache bima yake ya maisha ikatike. Aliona kwamba kuishikilia ni kumwambia Mungu hatawatazama mkewe na wanawe.

"Na Kenya hii," Kaka akaendelea, "alikuwako mwanamke aliyemsoma Gandhi akaenda kuishi hivyo hivyo. Si Mhindu. Nenda Wajir ukaulize." Jina la mwanamke huyo ni Annalena Tonelli. Ndivyo nilivyopata safari.

Nairobi

Kabla ya kushika njia ya kaskazini mashariki nilipita hekalu la Swaminarayan, kando ya barabara ambayo wengi bado wanaiita Forest Road. Lilifunguliwa mwaka 1999. Viatu vinavuliwa mlangoni, wanaume wanakaa kwao na wanawake kwao, na mtu wa Mombasa akifumba macho anaweza kudhani yuko kwenye maulidi. Akifumbua, hadhani tena. Mbao za ndani zimechongwa tausi, tembo na maua, na ni shida kuona palipoachwa patupu hata kwa upana wa kiganja.

Nilimuuliza kijana aliyenitembeza: watu wanaofundisha kuiacha dunia, mbona wameipamba hivi? Alijibu kwa upole kwamba tamaa haifi kwa kufungiwa mlango. Inapewa kazi nyingine. Yale mapenzi ambayo mtu angeyamwaga kwenye dhahabu huelekezwa kwa Mungu, na hilo huitwa bhakti, ibada ya mapenzi. Ila kwa watawa wao sharti ni kali zaidi. Huweka nadhiri tano: kutoutamani mwili, kutokuwa na uroho wa mali, kutofuata ladha, kutong'ang'ania jamaa, na kutojikweza. Fedha hawazishiki. Wakila, wali, dengu, mboga na kitamutamu hutiwa vyote katika bakuli moja la mti, vikachanganywa na maji, ili ulimi usipate cha kusimulia.

Niliondoka na bakuli lile kichwani. Mtu aliyezaliwa penye sinia lililojaa, kisha akakichanganya chakula chake na maji, huyo amejinyima. Je, yule ambaye sinia halikumfikia asilani? Kiswahili kinatenganisha kujinyima na kunyimwa kwa silabi chache tu. Nilikuwa naelekea nchi ambayo miaka mingi imesifiwa kwa la kwanza huku ikitendewa la pili.

Daraja la Tana

Baada ya Mwingi nchi huanza kujivua. Hutangulia kutoweka mahindi, kisha mabati, kisha rangi ya kijani yenyewe. Mibuyu husimama peke yake kama wazee waliokataa kuhama. Ukipita Ukasi na Bangale hubaki migunga, mchanga mwekundu, na mathenge.

Mathenge ni mti, naye anastahili kusimuliwa. Asili yake ni Amerika, na katika miaka ya 1970 na 1980 alipandwa kwa wingi katika nchi kame za Kenya ili azuie jangwa na awape watu kuni. Akazuia na njia, na malisho, na kingo za mito. Ganda lake ni tamu, na mbuzi akishalionja huliacha jani la kawaida. Sukari hunasa menoni, meno yakaoza, na watu wa Baringo waliwahi kumpeleka mahakamani mbuzi kibogoyo awe shahidi. Nilisimama kando ya barabara nikamtazama mbuzi mmoja akiyaokota maganda yale kwa bidii. Ngazi ya Kaka ilikuwa pale pale, yenye kwato nne.

Kisha, bila kubisha hodi, mto. Tana hushuka kutoka Aberdare na Mlima Kenya, hubeba udongo wa watu wengine, hupita hapa ukiwa rangi ya chai ya maziwa, na humalizikia baharini Kipini. Ukingoni kuna migomba, maembe, nyanya na matikiti. Toka hatua chache tu na kiatu kinajaa vumbi. Watu wa huku wameuona mto huu kwa sura zake zote. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Halafu mwishoni mwa 2023 zikaja za El Niño kwa mkupuo mmoja, barabara ya Garissa ikakatika, na waliokuwa wakiomba maji wakawa wanayakimbia.

Daraja tulilivuka jua likiwa linazama. Juu ya miti ya mjini makorongo wenye vipara walikuwa wamejipanga kama mahakimu.

Garissa

Siku ya pili alfajiri nilikwenda soko la mifugo, moja ya makubwa katika Afrika Mashariki. Ng'ombe wana upande wao, mbuzi wao, na ngamia wamesimama mbali kidogo na kelele, wakitafuna na kutudharau. Kila mmoja amepigwa chapa ya ukoo wake shingoni au pajani. Hapa mfugo ni benki, mahari, diya na heshima. Mzee asiye na ngamia huweza kuwa na duka la ghorofa na bado akasemwa kuwa hana kitu.

Nilitaka kuona biashara inavyofanywa, na dalali mmoja akaniruhusu nisimame karibu. Mnunuzi alimpa muuzaji mkono kana kwamba anamsalimu, dalali akaifunika mikono ile kwa shuka, na mazungumzo yakahamia kwenye vidole. Kidole kimoja kikashikwa, kikaachwa. Viwili vikabanwa. Kiganja kikafunguliwa. Juu ya shuka nyuso za watu wale zilitazama kando, mmoja upande wa mto, mwingine mawinguni, kama abiria wasiojuana. Baada ya muda shuka likatulia, mikono ikatoka, na ngamia akawa amehama miliki bila bei kutamkwa. Nilimuuliza dalali sababu ya siri hiyo. "Macho ya watu ni mengi, walaal," akasema, akitumia neno la Kisomali la ndugu. "Bei ikisikika, hata asiyehitaji ngamia ataanza kumtaka." Hakuwahi kusoma Gita, lakini ile ngazi aliijua kuanzia kidato cha kwanza.

Alasiri niliona tamaa isiyofunikwa shuka. Magari ya miraa kutoka Meru huingia kwa mwendo wa kukimbiza ambulansi, kwa sababu miraa ya jana si miraa. Siku ile yaliingia adhana ikiwa katikati. Kwa dakika moja mtaa mzima ulisimama baina ya sauti mbili, honi na mwadhini. Wengine walikwenda kutia udhu na wengine wakakimbilia mafurushi. Wengi, nikiwahesabu kwa haki, walifanya yote mawili: walinunua kifungu, wakakishika kwapani, wakaenda kuswali. Binadamu wa kawaida huishi hapo, na nisingependa kumhukumu, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kulipiga picha soko badala ya kuwahi swala ya jamaa.

Mwenyeji wangu Garissa alikuwa mama wa watu wa Barawa, waliohamia Kenya baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991. Nyumbani wanasema Chimiini, ndugu wa Kiswahili, na tulielewana kwa kukisia, kama binamu waliopoteana. Alinipakulia wali kwa nyama ya mbuzi na ndizi mbivu pembeni. Ndizi huliwa pamoja na wali, tonge kwa tonge. Mimi niliiacha mpaka mwisho kama tunda, na watoto wakanitazama kama mtu aliyekula sabuni. Baadaye akaleta nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo, ikaanikwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli. Ni chakula cha safari ndefu, na huwa vigumu kukomea tonge la tatu.

Nilipomweleza habari ya Kaka na ngazi yake, mama alitikisa kichwa. "Sisi tuna Dada Masiti," akasema. Na akanisimulia: binti wa masharifu wa Barawa, katika karne ya 19, aliyetoroka na mwanamume alipokuwa msichana wakaishia Zanzibar. Mapenzi yakageuka machungu. Aliporudi kwao alijitia katika dini na njia ya Kisufi ya Qadiriyya, akaishi peke yake chumbani, akawa mtunzi wa tenzi za Chimiini zinazosomwa mpaka leo, na kaburi lake huzuriwa. "Aliyependa vibaya," mama akasema huku akinijazia chai, "akaja kupenda vizuri. Moyo ulikuwa ule ule." Nilikumbuka jibu la kijana wa hekaluni. Hawa wawili hawatakutana kamwe, na jibu lao moja.

Jioni tulipita mbele ya Chuo Kikuu cha Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa pale, wengi wao wanafunzi, na waliowaua walijinadi kwa jina la Mungu. Mama alisoma dua midomo ikicheza bila sauti. Sisi tunaosifu kumcha Mungu kuliko dunia tunapaswa kupita hapo pia. Hasira, mtoto wa tamaa, hujua kuvaa nguo za ibada.

Habaswein

Siku ya tatu njia ilitupeleka kaskazini, Modogashe kisha Habaswein. Jina hilo kwa Kisomali ni vumbi kubwa, na mji haujawahi kulikana. Swala twiga walisimama kwa miguu ya nyuma wakichuma majani. Mbali, vumbi liliinuka likazunguka na kuanguka lenyewe, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Karibu na hapo ndipo Ewaso Nyiro hufia. Mto huo hutoka upande ule ule wa Mlima Kenya na Aberdare unakotoka Tana, hupita Isiolo, kisha huingia kinamasi cha Lorian na hauendelei, ila mafuriko makubwa yakiusukuma. Kaka aliwahi kuniambia kwamba Gita humfananisha mtu aliyetulia na bahari: mito ya matamanio humwingia, naye hafuriki. Nilikuwa nimesimama mahali ambapo mto haujawahi kuiona bahari. Nilidhani nimeona kushindwa. Mzee wa hapo akanisahihisha. Maji hayapotei, alisema, yanaingia chini, na ukichimba utayakuta. Chini ya nchi ile kuna hifadhi kubwa ya maji, ya Merti, na hata visima vya kambi za wakimbizi za Dadaab huchota humo.

Mzee huyo alitukaribisha kwenye aqal yake, nyumba ya fito zilizopindwa na mikeka iliyosukwa na wanawake. Ikitakiwa kuhama, wanawake huifungua, huifunga juu ya ngamia, na inatembea. Ndani kulikuwa na mkeka, vyombo vya maziwa, sanduku moja na msahafu uliovikwa kitambaa. Gandhi alitumia miaka mingi na kesi nyingi za moyoni kufikia nyumba isiyo na kitu cha ziada. Huyu alizaliwa ndani yake.

Maziwa ya ngamia yaliletwa katika chombo kilichofukizwa moshi wa mti. Huanza na chumvi kidogo, ukafuata moshi, na mwishoni utamu mdogo unaochelewa. Nilimsifu mzee kwa maisha yasiyo na tamaa. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mimi? Nilikuwa na ngamia 30. Nililala nikiwahesabu. Sasa ni wanne." Ukame ulikuwa umewachukua wengine wote. Nikasema, kwa uzembe wa mgeni, kwamba yote ni mapenzi ya Mungu. Akaacha kucheka. "Ikinyesha, alhamdulillahi. Isiponyesha, alhamdulillahi. Lakini serikali isipochimba kisima, hiyo si kadari. Hiyo ni serikali."

Maneno hayo yana historia nyuma yake. Mkoloni aliifanya nchi hii wilaya iliyofungwa, mtu hatoki wala haingii bila kibali. Baada ya uhuru vikaja vita vya Shifta na hali ya hatari. Waraka wa serikali Namba 10 wa mwaka 1965 ukaelekeza fedha za maendeleo kule ambako zingezaa haraka, kwenye mvua na reli. Hapa hapakuwa na mvua wala reli. Kumhubiria mtu wa hapa kwamba asiitamani dunia ni kumwambia aliyenyang'anywa sahani kwamba kufunga kuna thawabu.

Kabla ya kuondoka niliona kengele ya mti, ya kuvalishwa ngamia, ikining'inia kwenye fito. Wasomali huiita koor. Ilikuwa nyeusi kwa mafuta ya mikono, mdomo wake umelika upande mmoja, na ulimi wake wa mti ukigonga hutoa sauti nzito, ya ndani, kama mtu anayekohoa kwa adabu. Niliitaka papo hapo. Niliuliza bei. Mzee akasema haiuzwi. Nikataja kiasi, nikakipandisha, nikakipandisha tena, bila shuka wala vidole, mbele ya wanawe. Alinitazama kwa muda. Kisha akaifungua, akaipangusa kwa kanzu yake, akanitia mkononi. Fedha alikataa. "Aliyekuwa akiivaa amekufa," akasema. "Chukua, mgeni."

Nilitembea mpaka kwenye gari nayo ikagonga kila hatua.

Wajir

Wajir ni mji juu ya chokaa, mweupe hata kivulini, na umekaa hapo kwa sababu ya visima. Viko vingi, vifupi, maji yake ya chumvichumvi. Wakoloni waliotumwa huku walijianzishia klabu ya mashua, Royal Wajir Yacht Club, mamia ya kilomita kutoka baharini. Ulikuwa utani, ila utani wa watu waliokuwa wakisema "kama".

Asubuhi ya siku ya nne nilikaa Orahey kwenye visima. Kijana mmoja alikuwa ndani, mwingine ukingoni, ndoo ikipanda na kushuka baina yao kwa wimbo mfupi unaorudiwa mpaka unakuwa pumzi. Maji yalimiminwa kwenye hori, na ngamia walikunywa kwa zamu ya ukoo, shingo zao zikipeleka maji juu kwa mawimbi. Kisima kina wenyewe na zamu ina wenyewe, na damu imewahi kumwagika kwa ajili ya zamu. Lakini binadamu mwenye kiu hana zamu. Niliposogea nilipewa bakuli kabla sijaomba. Kaskazini zaidi, katika kaunti ya Mandera, uko mji unaoitwa El Wak, maana yake visima vya Waaq, jina la Mungu kabla dini za vitabu hazijafika. Watu wa huku hawakuwahi kuhitaji kuambiwa maji ni ya nani.

Alasiri niliulizia Annalena Tonelli, na wazee walinionyesha upande wa kuelekea bila kufikiri. Alizaliwa Forlì, Italia, mwaka 1943, akasomea sheria, akaja Kenya akiwa na miaka ishirini na kitu, akafundisha shule kwa muda kisha akafika Wajir. Hakuwa mtawa wa shirika lolote. Alikuwa Mkristo aliyemsoma Gandhi akiwa bado msichana na akaondoka Ulaya akitaka kuishi fukara kati ya mafukara. Hapa alikuta wafugaji wakifa kwa kifua kikuu. Tiba ilichukua miezi mingi, na mfugaji hawezi kulala kitandani miezi mingi huku ngamia wake wanahama. Kwa hiyo wagonjwa walijenga vibanda vyao wenyewe mbele ya kituo chake, wakala dawa kila siku mbele ya macho, wakamaliza, wakapona, wakaondoka. Mahali hapo pakaitwa TB Manyatta. Kuwatazama wagonjwa wakimeza dawa zao ndio utaratibu ambao Shirika la Afya Duniani lilikuja kuueneza baadaye.

Mwaka 2001 alialikwa kuzungumza Vatikani. Akaeleza kwamba hana mshahara, wala akiba ya uzeeni. Nilipoyasoma hayo niliikumbuka bima ya Gandhi. Akasimulia pia jinsi Waislamu wa Wajir walivyomhurumia kwa kuwa hana dini yao, mpaka wakaja kusema kwamba wao wana imani na yeye ana upendo. Mzee mmoja niliyekaa naye alilipinga neno hilo. "Hatukukosa upendo," akasema. "Tulikosa dawa."

Na kuna Wagalla. Kiwanja hicho cha ndege kiko kama kilomita 15 kutoka mjini, magharibi. Mwezi wa Februari 1984 wanajeshi waliwakusanya humo wanaume wa ukoo wa Degodia, wakawavua nguo na kuwaweka juani siku kadhaa bila chakula wala maji. Wengi waliuawa. Serikali ya wakati ule ilitaja watu 57, na walionusurika hutaja maelfu. Annalena aliwaokota majeruhi porini, akawafunga vidonda, akasaidia kuorodhesha majina ya waliokufa ili dunia ijue. Baadaye alilazimika kuondoka Kenya. Alihamia Somalia, na mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo ya Nansen. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi Borama, kwenye hospitali yake mwenyewe.

Kesho yake nilifika Wagalla jua likiwa utosini. Hakuna cha kuona: ardhi ngumu, upepo, vichaka. Nilikuwa na chupa ya maji ya kununua, na sikuweza kuifungua pale. Mwanamke yule aliamua kutoshika kitu, na mikono yake ikawa mitupu ya kuokotea watu. Waliolazwa hapa waliachwa mikono mitupu na wengine. Mtu akiziona hali hizo mbili kwa mbali, zote ni umaskini. Ukisimama juu ya ile ardhi huwezi kuzichanganya tena.

Mombasa

Nilimletea Kaka zawadi kwa shida. Karibu kila kitu kizuri cha kule ni nyama, naye nyama haigusi. Nikampelekea kengele. Aliitikisa mara moja karibu na sikio, akafumba macho, akasikiliza mpaka sauti ikafa yote. Akaniuliza nimeipataje. Nikamweleza, na bei nilivyoipandisha mara mbili mbele ya watoto wa mzee.

Akanirudishia. "Hiyo bado haijawa yako kunipa," akasema, akaenda kumhudumia mteja.

Nilifikiri kuirudisha Habaswein, lakini zawadi ikirudi humvunjia heshima aliyeitoa. Njia pekee ni kuendelea nayo mbele, kumpa mtu mwingine kama nilivyopewa. Iko juu ya rafu, mkabala na mlango. Wageni huingia, huitazama, na wengine huomba kuishika. Kila mara najiambia huyu ndiye. Nanyoosha mkono kuitungua, na ndani yangu mtu anaanza kusema: kama.